Kilo Kumi na Nne na Nusu

Talitha Kapenda alifika kazini saa moja na robo asubuhi, akafuta meza kwa kitambaa chenye maji ya javel ya kuua vijidudu, akapanga kalamu zake mbili, ya bluu kulia na nyekundu kushoto, kisha akafungua kabati ili atoe rejista ya maabara. Rejista haikutoka. Akavuta tena, safari hii kwa mikono miwili na mguu mmoja kwenye fremu ya kabati, ikatoka, naye akaibwaga mezani kwa kishindo kilichotikisa vichupa vya mkojo.

"Iko ngapi?" aliuliza Amédée Monga, fundi wa maabara, bila kuinua jicho kutoka kwenye hadubini.

"Sijapima bado. Lakini kuko mutu ndani."

"Mukubwa?"

"Hapana. Mutoto."

Amédée akaguna, akaendelea kuhesabu vijidudu vyake.

Katika kituo kile cha afya, upande wa Kamina ulio ng'ambo ya reli, rejista huongezeka uzito. Jibu la mgonjwa likinakiliwa vibaya, rejista huchukua uzito wa mgonjwa mwenyewe, kilo kwa kilo, na kuubeba mpaka jibu lirekebishwe. Mama mjamzito wa kilo sitini na tatu akiandikiwa kundi la damu lisilo lake, kesho yake rejista ina kilo sitini na tatu zaidi. Hakuna anayejua mambo haya yalianza lini. Wafanyakazi waliyakuta, kama walivyolikuta paa linalovuja juu ya chumba cha kungojea. Rejista za miaka iliyopita zimelazwa chini stoo, moja moja, kwa kuwa hakuna rafu iliyozistahimili, na saruji ya stoo imebonyea katikati. Rejista ya mwisho ya mwaka juzi ilipelekwa huko na wanaume sita na mkokoteni, na mkokoteni haukurudi mzima.

Dawa yake si siri. Unakata kosa kwa mstari mmoja, unaandika sahihi pembeni, na uzito unaondoka. Lakini huko kukata kunaitwa rature, na rature ni mwiko. Kila miezi mitatu wakaguzi huja na fomu yao yenye maswali mia na kumi, na swali la tatu linauliza kama rejista imetunzwa vizuri, bila rature. Rature moja hupunguza alama. Alama zikipungua, katoni za dawa za miezi mitatu inayofuata nazo hupungua. Swali la kama rejista ni nzito halimo kwenye fomu, na wakaguzi ni watu wa kuuliza kilichomo.

Basi mwandishi hodari akawa yule asiyekata, na hodari kuliko wote alikuwa Talitha. Alikuwa binti wa mwalimu wa Kimetodisti, na hati yake aliipata kwa kuchapwa rula kwenye vidole. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na macho yake yalionekana yamemzidi umri. Kwa miaka kumi na tisa alinakili majibu sabini kwa siku kutoka kwenye karatasi ya Amédée hadi kwenye rejista, na kutoka kwenye rejista hadi kwenye vikaratasi wanavyopewa wagonjwa, vinavyoitwa bon. Miaka yote hiyo hakuwahi kufanya rature hata moja. Cheti chake kilining'inia ukutani juu ya ndoo ya kunawia. Ukimwuliza kama hakosei, alijibu kwamba hukosea kama kila mtu, ila kwa usafi.

Asubuhi ile ya Jumatano aliibeba rejista mpaka chumba cha watoto, akaivisha ile kaptula ya mpira wanayovishwa wachanga, akaitundika kwenye mizani. Mshale ulisimama kwenye kumi na sita na nusu. Karatasi zenyewe zilikuwa kilo mbili, kwani rejista ilikuwa mpya, imeanza na mwezi. Zilibaki kumi na nne na nusu. Akafungua daftari la mapokezi, akateremsha kidole kwenye safu ya uzito wa siku iliyopita, akakuta kilo kumi na nne na nusu mara moja tu. Carine, miaka minne, amekuja na bibi yake Albertine, wametoka kijijini, barabara ya Kabongo.

Akachukua karatasi ya Amédée, ambayo hukaa kwenye droo mpaka Ijumaa ndipo hutumiwa kuwashia makaa. Mstari wa thelathini na moja ulikuwa wa mwanamume mmoja, kiwango cha damu yake kumi na moja nukta nne. Mstari wa thelathini na mbili ulikuwa wa Carine, nne nukta mbili. Kwenye rejista, wote wawili walikuwa na kumi na moja nukta nne. Talitha alikumbuka hata saa yenyewe. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, hajala, na jicho lake lilipotoka kwenye rejista kurudi kwenye karatasi lilitua palepale lilipokuwa. Mtoto mwenye damu ya kumi na moja anaruka kamba. Mwenye nne anahitaji kuongezewa damu ya mtu mwingine, na si wiki ijayo. Carine alikuwa ameonwa na muuguzi, bon ikasomwa, akapewa vidonge vya malaria na kuambiwa arudi akizidiwa.

Talitha akaenda kwa titulaire, muuguzi mkuu wa kituo, Jéthro Mwila. Alimkuta anahesabu mifagio, kwa kuwa mifagio ni swali la tisa.

"Titulaire, nilikosea. Namba makumi tatu na mbili ya jana. Niliandika kumi na moja, na ya kweli iko ine. Rejistre inamubeba."

Jéthro akaweka mifagio chini. "Ukurasa ilishapigwa cachet?"

"Ilishapigwa muhuri. Na rapport ilishaenda."

"Basi tumuite mutoto, tumupime tena, tumuandike mustari mupya. Hatutakata kintu."

"Bandelette za kupima damu zilimalizika, titulaire. Yake ilikuwa ya mwisho. Zingine zinakuja Jumatatu."

Jéthro akavua miwani, akajisugua macho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha zaidi. "Mama Talitha, bale bakaguzi banakuja kesho asubuhi. Wakati ulipita tulipoteza alama mbili tu, mbili, na tukamaliza mwezi muzima bila dawa ya malaria ya batoto. Weye njo uliandika majina ya bale balikufa. Unasahau?"

"Sisahau."

"Basi bon umuandikie mupya, bon haihesabiwe. Rejistre usiiguse. Kesho bakisha kuenda, utakata."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini si kila mara tumbo linaloumia ni la yule anayengoja. Talitha aliandika bon mpya yenye nne nukta mbili, akaikunja mara mbili, akaenda kumtafuta mtoto. Nyumba waliyofikia, karibu na reli, ilikuwa imefungwa kwa kamba. Jirani alimwambia kuwa Albertine ameondoka alfajiri, amembeba mjukuu nyuma ya baiskeli ya mtu, amefurahi kuambiwa damu ni nzuri. Talitha akapiga simu kwa katekista wa kijiji chao. Simu ilipokelewa mara ya nane, jioni. Katekista akasema mtoto kweli amelala tu, haombi hata maji, na kwamba watamrudisha asubuhi, kwa sababu usiku njia ile haipitiki.

Kabla ya kufunga, Talitha aliketi mbele ya rejista na rula mkononi. Kazi yenyewe ilikuwa ya mstari mmoja wa sentimita mbili. Aliiweka rula chini ya zile tarakimu, akaiondoa, akaiweka tena. Aliona aibu, na aibu yake haikuwa ya kosa. Ilikuwa ya lile kovu ambalo lingebaki kwenye ukurasa, ambalo wakaguzi wangelionyeshana kwa kidole. Alijua kwamba hiyo ni aibu ya kipumbavu, na kulijua hilo hakukumsaidia. Akafunga rejista, akaisukuma kabatini kwa goti.

Albertine alifika Alhamisi saa tatu. Alikuwa mwanamke mkavu wa miaka sitini hivi, mlimaji wa mihogo, na vumbi la barabara ya Kabongo lilimjaa mpaka kwenye kope. Carine alikuwa mgongoni, kichwa kimelala upande wa kushoto. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga. Wakaguzi wawili walikuwa wamekwisha kuketi, na ilikuwa lazima kila mfanyakazi awe mezani pake, kwa maana hilo lilikuwa swali la sitini na nne. Talitha akampa Albertine bon dirishani.

"Enda ku hospitali kubwa, mama. Usipite fasi ingine. Bapatie hii karatasi, bataongeza mutoto damu."

"Juzi mulisema damu iko muzuri."

"Juzi nilikosea, mama."

Albertine alimtazama kidogo. "Eyo, vidye," akasema, kama Waluba wanavyomwitikia mtu wa kuheshimiwa, akaondoka.

Rejista ilikuwa wazi mbele ya wakaguzi. Waliisogeza pamoja, mmoja huku na mwingine kule, bila kusema neno, kama watu wanaosogeza kabati katika nyumba ya wenyewe. Waliusifu mwandiko. Mmoja alipitisha kidole kwenye safu nzima ya Jumanne, juu mpaka chini, akasema kuna vituo vya Malemba-Nkulu vingepaswa kuja kujifunza hapa.

Saa nne na dakika ishirini simu ya Jéthro ililia. Aliiweka mezani kwa sauti ya wote, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshika faili.

"Allô, titulaire? Tuko ku benki ya damu. Kuko mama hapa na bon yenu, mutoto Carine, ya Jumanne. Inasema damu iko ine, na siye pia bandelette zilimalizika. Tunataka kuhakikisha mbele ya kutoa, juu bantu banajiandikiaka bon bo benyewe, na mufuko iko moja tu, na kuko mama mwingine alizaa anapoteza damu. Mu rejistre yenu iko ngapi?"

Jéthro akamtazama Talitha. Talitha akautazama ukurasa. Mkaguzi akasaidia, akaweka kidole kwenye namba thelathini na mbili.

Talitha alikuwa na maneno mawili tu ya kusema, nilikosea mimi, na alikuwa ameyasema vizuri dirishani saa moja tu iliyopita. Hakuyasema. Aliogopa.

"Kumi na moja na nukta ine," Jéthro akasoma.

"Basi bon iko ya uongo?"

"Minyi nasoma kile kinaandikwa."

Simu ikakatika. Mkaguzi wa pili, aliyekuwa amefika swali la kumi na saba, linalohusu kama majibu ya kituo yanaweza kuthibitishwa kwa simu, akatia alama ya ndiyo.

Waliondoka saa sita na robo, wameacha alama mia kwa mia. Gari lao lilikuwa halijafika kwenye kona Talitha alipochukua rula na kalamu nyekundu. Akakata kumi na moja nukta nne, akaandika nne nukta mbili, akatia sahihi. Rature yake ya kwanza ilikuwa imenyooka vizuri sana. Rejista ikawa nyepesi papo hapo. Aliiinua kwa mkono mmoja kama gazeti. Jéthro alikuwa anawasindikiza wageni, hakuwapo wa kuuliza, na sheria inasema rejista haitoki nje ya ukuta. Talitha akaitia kwapani, akatoka nje ya ukuta, akashika njia ya hospitali kubwa ili wakaione kwa macho yao.

Alitembea haraka. Jua lilikuwa la utosi na hakuwa amekula. Alipokuwa anavuka reli, kati ya chuma na chuma, rejista ilirudiwa na uzito wake, kilo kumi na nne na nusu, si gramu zaidi. Ilimponyoka kwapani, akaidaka kwenye nyonga. Akasimama. Mwanamke mmoja mwenye beseni la samaki wakavu alimwambia asisimame pale, gari-moshi likija halina adabu. Talitha akaihamishia rejista begani, akaendelea kwenda, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuanza safari.

Akamkuta Albertine kwenye benchi la nje. Mfuko wa damu alikuwa amepewa mama aliyejifungua, na yule mama alikuwa mzima, hata amekunywa uji. Hakuna aliyefanya kosa. Carine alikuwa amefunikwa kitenge mpaka juu.

"Banasema karatasi yako iko ya uongo," Albertine alimwambia.

"Haikuwa ya uongo, mama."

"Minyi nilijua. Nilikuwa namubeba, nilikuwa nasikia." Kisha akauliza, "Ile nini unabeba?"

Talitha akaketi kando yake, rejista mapajani, akalia. Alilia wazi, kwa sauti, mbele ya watu. Albertine ndiye aliyempa ncha ya kitenge chake ajifute.

Jéthro alimkasirikia kwa siku mbili, kisha akachoka. Ripoti ilikuwa imekwenda na kumi na moja nukta nne, na rejista haiwezi kupingana na ripoti, kwa hiyo ukurasa wa Jumanne ulitolewa pini, ukanakiliwa upya, safi, na kumi na moja nukta nne mahali pake, ukapigwa muhuri. Uzito haukubadilika. Mtu akifa haupungui tena, andika utakavyo. Hilo lilijulikana tangu zamani. Talitha alihamishiwa chumba cha watoto, akawa mpima uzito. Meza yake alipewa Gisèle, mwenye mwandiko mzuri kuliko wake. Cheti kipya kilipokuja, kilitundikwa palepale juu ya ndoo, na dawa zikaja katoni zote. Watoto wengi walipona kwa dawa hizo, na lazima hilo nalo lisemwe.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu Albertine aliusikia kuwa ni wake tangu mbali. Alikuja Jumatatu moja, siku nyingi baada ya matanga, akasimama mlangoni pa chumba cha mizani.

"Banasema Carine iko mu kitabu yenu."

"Iko, mama."

"Ninaweza kumubeba?"

Jéthro aliulizwa. Akafikiri, akasema hakuna swali linalokataza, mradi rejista isitoke nje ya ukuta na kurasa zisilowe. Alitafuta mwenyewe kipande cha plastiki cha kuifunika. Talitha akaiweka mgongoni kwa Albertine, Albertine akainama, akazungusha kitenge, akafunga, akajirusharusha kidogo ili mzigo ukae.

"Njo yeye," akasema. "Iko navuta ku kushoto, sawa vile alikuwa nafanya." Kisha akauliza, "Na ile namba ya kweli, mulishaiandika?"

"Niliiandika, mama. Balirudisha ile ya kwanza."

Albertine akatikisa kichwa, akatoka uani. Akatembea kutoka kwenye kisima hadi kwenye choo, na kutoka choo hadi kisima, mpaka wagonjwa walipokuwa wengi na kitabu kikahitajika. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumatatu. Alitoka kijijini Jumapili kabla ya giza, akalala mjini, akafika kabla ya foleni. Hakuna aliyeshangaa; wagonjwa wa mara ya kwanza walidhani ni mtoto mwenye kichwa cha pembe nne, wakageukia mambo yao.

Jumatatu ya sita, mwezi wa tatu tangu ukaguzi ukielekea kwisha, Talitha alimfungia rejista mgongoni kama kawaida. Albertine akajirusharusha, akatulia, akajirusha tena.

"Leo hayuko peke yake."

"Hapana, mama. Nimepima asubuhi. Kuko kilo tatu na gramu mia mbili juu yake."

"Mutoto wa kuzaliwa."

"Wa kuzaliwa. Mu daftari kuko kumi na mbili bale balizaliwa wiki ilipita, na kilo yabo inafanana. Na karatasi ya Amédée balishawasha nayo makaa."

"Na titulaire?"

"Anasema tungoje. Bakaguzi banakuja Jumanne."

Albertine aliingiza mkono nyuma, chini ya kitenge, akasukuma rejista juu kidogo, akafungua fundo kifuani na kulifunga upya, chini zaidi, jinsi linavyofungwa kwa mchanga ambaye shingo yake haijakaza.

"Basi nitamubeba na yeye," akasema, "mpaka mumupate mama yake."

Akatoka uani taratibu. Dirishani foleni ilikuwa ya watu ishirini na sita. Gisèle alikuwa ameshika kalamu, meza yake ni safi, hana pa kuandika.

"Mungoje kidogo," aliwaambia. "Rejistre iko natembezwa."